Kocha wa viungo husomea nini hasa? Tufungue fundo la masta ya nguvu na utimamu

Mwezi uliopita, kijiweni kwetu Mbagala Rangi Tatu, mzee mmoja aliweka kikombe cha kahawa chini, akamtazama mwanawe na kumuuliza mbele ya watu: "Miaka mitatu nimekulipia chuo. Sasa unataka tena kwenda kusomea pushapu?"

Tulicheka wote isipokuwa kijana. Ana shahada ya elimu ya michezo, anafundisha timu ya vijana wa chini ya miaka 17 mtaa wa pili, na anataka kuendelea na shahada ya uzamili, yaani masta, katika somo la nguvu na utimamu wa mwili kwa wanamichezo. Mzee wake si mjinga. Swali hilo wanalo watu wengi hapa Dar, wakiwemo viongozi wa klabu wanaoajiri makocha. Dakika kumi kabla, kijiwe hicho hicho kilikuwa kimeshahukumu kwamba timu fulani imefungwa kwa sababu "kocha wa viungo hajui kazi". Nilipouliza kazi yenyewe ni ipi, nilipata majibu matano kwa watu wanne.

Mimi njia hiyo nimeipita. Nilianza kama mwalimu wa michezo, nikasoma masta kwa njia ya mtandao usiku huku mchana nikiwa uwanjani. Kwa hiyo mzee nilikuwa na deni naye la jibu, na pale kijiweni sikulimaliza maana mechi ilianza.

Neno moja, mzigo wa lori

Nusu ya mkanganyiko imo kwenye neno lenyewe. Neno "viungo" tumelibebesha mzigo wa lori wakati lenyewe ni bajaji. Kiungo ni mahali mifupa inapokutana: goti, nyonga, kifundo cha mguu. Kiungo ni mchezaji wa katikati, mkabaji au mshambuliaji. Viungo ni iliki, mdalasini na karafuu za pilau. Shuleni kuna mazoezi ya viungo, hospitali kuna tiba ya viungo, na kwenye benchi la ufundi yupo kocha wa viungo. Si ajabu watu wakidhani hao wawili wa mwisho ni mtu mmoja mwenye begi la barafu.

Si mmoja. Daktari wa timu anatambua ugonjwa na majeraha na kuamua matibabu. Mtaalamu wa tiba ya viungo, mfiziotherapia, anamtoa mchezaji kwenye jeraha na kumrudisha kwenye kutembea, kukimbia na kupiga mpira bila maumivu. Kocha wa viungo anampokea hapo, na kwa wale wasioumia anakuwa nao mwaka mzima: anaandaa mwili uweze kubeba kile ambacho mchezo utaudai. Kocha mkuu anaamua nani acheze na kwa mfumo gani. Mkufunzi wa jimu pale Sinza, naye kazi yake ni halali kabisa, lakini mteja wake anataka kupunguza tumbo kabla ya harusi, hana mechi Jumamosi saa kumi. Tofauti kubwa iko hapo: kocha wa viungo anafanya kazi na saa ya mechi ukutani.

Sasa maneno mawili ya somo. Nguvu ni uwezo wa misuli kusukuma au kuvuta. Utimamu ni uwezo wa kurudia hivyo, kwa kiwango na muda ambao mchezo unataka, bila mwili kukata moto. Katikati yao kuna kitu cha tatu ambacho mtaani hatuna jina lake zuri, nami nitakiita nguvu ya mlipuko: kutoa nguvu nyingi ndani ya muda mfupi sana.

Chukua kuli wa Kariakoo anayebeba gunia la kilo mia kutoka kwenye lori hadi ghalani. Ana nguvu, hakuna ubishi. Mpange na mkimbiaji wa mita mia, ataachwa mbali. Sababu ni saa. Mkimbiaji wa kasi anapokuwa kwenye mwendo wake wa juu, mguu hukaa ardhini takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, kisha umeondoka. Misuli huhitaji kama mara tatu ya muda huo, au zaidi, kufikia nguvu yake ya juu. Kuli anao muda wa kuikusanya nguvu yote, ila mkimbiaji hana. Anachohitaji ni kutoa kiasi kikubwa iwezekanavyo ndani ya kile kipande kidogo cha muda, na kipande hicho kinafundishika.

Utimamu nao hauko wa jumla. Septemba 2025 Mtanzania Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia Tokyo kwa saa 2:09:48. Hiyo ni kila kilomita kwa takriban dakika 3 na sekunde 5, mara 42 mfululizo na kilichobaki. Mtu mwenye pumzi kama hizo huna la kumfundisha kuhusu pumzi. Lakini mchezaji wa mpira anafanya kazi nyingine: kwa dakika 90 anasafiri kama kilomita 10 hadi 12, na nyingi kati ya hizo ni kutembea na kujikokota, zikikatizwa na mbio fupi za kufa na kupona, kusimama ghafla, kugeuka, kuruka, kugongana. Breki zinachoka kama injini. Ndiyo maana timu inayokimbizwa mwendo mmoja wa saa nzima ufukweni kila asubuhi inaweza kuwa na pumzi kemkem na bado ikafika dakika ya 70 haina miguu.

Pushapu zimo, ila si somo

Somo hili lenyewe bado ni changa. Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, kilimwajiri Boyd Epley kushughulikia nguvu za wachezaji wake, na wengi humhesabu kuwa wa kwanza kulipwa na chuo kwa kazi hiyo. Enzi hizo makocha wengi waliamini kwamba vyuma vinamfanya mchezaji awe mzito na mgumu kama mlango uliovimba kwa mvua. Mwaka 1978 wenye kazi hiyo waliunda chama chao, NSCA. Uingereza walipata chao, UKSCA, mwaka 2004. Digrii za uzamili zilifuata nyayo hizo, ndiyo maana babu yako hakumjua mtu mwenye karatasi ya namna hii.

Na bado ile imani ya Marekani ya mwaka 1969 ipo hai Dar mwaka huu. "Akinyanyua vyuma atapoteza wepesi." Ukweli ni kwamba uzito wa mwili unaongezeka kwa namna fulani ya mazoezi na namna fulani ya kula. Mtu anaweza kufanya marudio machache ya chuma kizito, apumzike vya kutosha, akapata nguvu bila kunenepa, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu za mwanzo hutoka kwenye mishipa ya fahamu kujifunza kuita nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa wakati mmoja. Msuli ni uleule, ila walioitika wito wameongezeka. Ni kama msaragambo ambao zamani wakija watu sita na sasa wanakuja kumi na wawili, wakati idadi ya nyumba kijijini haijabadilika.

Masta inakaa wapi katika haya? Shahada ya kwanza inakufundisha yapo mazoezi gani, misuli inaitwaje, moyo unafanyaje kazi. Masta inakubana kwenye maswali manne: kiasi gani, lini, kwa nani, na utajuaje kama imefanya kazi. Zoezi ni dawa. Kujua kwamba panado inapunguza maumivu anajua kila mtu. Kazi ni dozi.

Niseme kosa langu mwenyewe ili jambo lionekane. Miaka kadhaa nyuma, kabla sijasoma, vijana wangu walirudi kutoka likizo ya mwezi mzima. Walikuwa wamenenepa kidogo na wamevimba vichwa. Nikawapeleka ufukwe wa Coco siku ya kwanza: mbio za kasi kwenye mchanga, kupanda na kushuka, hadi wawili wakatapika, nami nikajiona kocha kwelikweli. Siku ya pili tukarudia. Siku ya nne, tukiwa kwenye nyasi, wawili wakashika nyuma ya paja ndani ya nusu saa. Nyama za paja. Mmoja alikaa nje wiki sita. Mtaani walisema wamerogwa na timu ya jirani, nami, Mungu anisamehe, sikuwapinga kwa nguvu.

Leo najua cha kuandika kwenye daftari. Njia mojawapo rahisi, inayotumika hata kwenye klabu zenye fedha, ni hii: nusu saa baada ya mazoezi unamuuliza kila mchezaji, kwa faragha, mazoezi ya leo yalikuwa magumu kiasi gani kati ya 0 na 10. Jibu unalizidisha kwa dakika. Dakika 90 kwa ugumu wa 7 ni 630. Kesho dakika 60 kwa ugumu wa 3 ni 180. Jumlisha wiki. Vijana wangu walitoka kwenye wiki nne za sifuri wakaingia kwenye siku mbili za karibu elfu moja kila moja. Huhitaji digrii kuona kwamba hiyo hesabu ni mbaya. Unahitaji tu mtu wa kukufundisha kuiandika. Msuli wa nyuma ya paja ndio breki ya mguu unapokimbia kwa kasi, unafanya kazi huku ukirefushwa, na breki zilizokaa mwezi bila kuguswa ziliombwa kusimamisha lori mteremkoni.

Dawa yake pia inafundishwa. Mchezaji anapiga magoti kwenye nyasi, mwenzake anamshika vifundo vya miguu kwa nyuma, naye anashuka mbele taratibu, mgongo umenyooka, akijizuia kwa nyuma ya mapaja hadi anaposhindwa na kudaka ardhi kwa mikono. Haina kifaa hata kimoja. Tafiti nyingi zikikusanywa pamoja zinaonyesha timu zinazofanya zoezi hili hupata majeraha ya nyama za paja karibu nusu ya zile zisizolifanya. Shida yake ni moja: wiki ya kwanza linauma kesho yake, wachezaji wanalichukia, na kocha asiyejua sababu analiacha wiki ya pili.

Chemni yenye masizi

Kuna wazo moja la darasani ambalo lilibadilisha namna ninavyotazama mechi. Wataalamu huliita kwa majina marefu, lakini waliokulia kwenye taa ya chemni, ile ya mafuta yenye utambi na kioo, wataliona upesi.

Moto wa utambi ni utimamu. Masizi kwenye chemni ni uchovu. Ukifanya mazoezi leo unaongeza vyote viwili kwa pamoja: moto unakua na masizi yanajaa. Mtu anayekutazama kutoka nje haoni moto, anaona mwanga unaopenya kwenye kioo. Kwa hiyo timu inaweza kuwa imara kuliko ilivyowahi kuwa na bado ikacheza kama imelishwa ugali wa jana, kwa sababu masizi ni mengi. Habari njema ni kwamba masizi hufutika haraka kuliko moto unavyofifia. Punguza mazoezi siku chache kabla ya mechi kubwa, mwanga utatoka. Punguza wiki tano, na moto wenyewe utazima.

Kupanga mwaka mzima wa kuongeza moto na kufuta masizi ili mwanga uwe mkali siku unazotaka, hiyo ni sehemu kubwa ya somo. Warusi wa enzi za Usovieti walikuwa wa mwanzo kuiandika kwa mpango, hasa Lev Matveyev miaka ya 1960, kwa wanariadha waliokuwa na mashindano machache makubwa kwa mwaka. Ligi yetu ina mechi wiki baada ya wiki, kombe la ndani, safari za Afrika, ndege za usiku. Mpango wa Matveyev ukiubandika hapa jinsi ulivyo, unachanika.

Halafu kuna yetu ambayo kitabu cha Uingereza hakikuyawaza sana. Ramadhani, kwa mfano. Robo tatu ya kikosi changu hufunga. Mazoezi ya saa kumi jioni yanamkuta mtu hajanywa maji tangu daku. Nikihamishia baada ya futari, nakula usingizi wake, na usingizi ndio kitambaa cha kufutia chemni. Hakuna jibu moja. Mimi hufupisha, nahamishia mazoezi mazito usiku mara mbili kwa wiki, na saa za mchana nabakiza mazoezi ya mbinu kwa mwendo wa kutembea.

Na joto. Kuanzia Desemba hadi Machi hewa ya Dar inakuwa kama nguo mbichi. Jasho haliupozi mwili kwa kutoka. Linaupoza kwa kukauka. Hewa ikishajaa unyevu jasho linachuruzika tu, mtu analowa na anazidi kuiva. Ndiyo maana "jasho jingi, mazoezi mazuri" ni uongo hatari hapa kwetu kuliko Arusha. Fanya jaribio dogo: mpime mchezaji uzito kabla na baada ya mazoezi, akiwa amejifuta na kuvua nguo zilizolowa. Kila kilo iliyopotea ni karibu lita moja ya maji, ukijumlisha na alichokunywa katikati. Mtu aliyepoteza kilo mbili hakupungua mafuta, anadaiwa maji.

Maabara ya matofali mawili

Watu hudhani masta hii inataka maabara zenye mashine za kutoka Ulaya. Zipo, na kuna bamba za kusimamia zinazopima nguvu ya mguu mara elfu kwa sekunde. Lakini angalia hili.

Weka simu ardhini, imeegemea matofali mawili, kamera ikitazama viatu vya mchezaji kwa usawa wa ardhi. Chagua video ya mwendo wa pole, picha 240 kwa sekunde. Simu nyingi za kawaida sasa zinayo. Mchezaji anaweka mikono kiunoni, anachuchumaa upesi na kuruka juu kadiri awezavyo. Kisha unarudi kwenye video na kuhesabu picha, kuanzia vidole vinapoacha ardhi hadi vinapoigusa tena. Picha 120 ni nusu sekunde. Zidisha muda huo kwa wenyewe, halafu kwa 1.226: unapata mita 0.31. Ameruka sentimita 31. Fizikia ni ileile ya sekondari ya kitu kinachoanguka.

Ukikosea kuhesabu picha moja tu, jibu linasogea kama nusu sentimita. Kwa hiyo mchezaji akiruka 31 leo na 31.5 wiki ijayo, hujaona maendeleo, umeona kidole chako kikiteleza kwenye kioo. Masta ina somo zima la takwimu na mbinu za utafiti, ambalo wanafunzi wengi hulikimbia kama mgambo, na mimi nalisema waziwazi: ndilo lililonifaa kuliko yote. Linakufundisha kutenganisha badiliko la kweli na kelele, na kusoma utafiti ukauliza: walipimwa akina nani? Wangapi? Wa umri gani? Mara nyingi jibu ni wanaume, wa vyuo vya nje. Mchezaji wa netiboli wa Temeke mwenye miaka 16 hayumo. Tunachojua ni kwamba wanawake huumia ligamenti ya mbele ya goti mara nyingi zaidi ya wanaume kwenye michezo ya kugeuka na kutua, na kwamba programu za kupasha misuli zenye mazoezi ya kutua na kujisawazisha hupunguza hatari hiyo. Kuhusu "atakuwa na mwili wa kiume", hapana. Homoni inayojenga misuli mikubwa wanawake wanayo kidogo sana, na anayeuona mwili wa mnyanyua vyuma wa kike kwenye picha anaona miaka ya kazi ya makusudi.

Watoto nao wametungiwa uongo wao: chuma kitamfupisha. Hakuna ushahidi kwamba mazoezi ya nguvu yaliyopangwa na kusimamiwa vizuri yanazuia kimo. Mtoto anayeruka ukuta wa jirani kufuata embe, miguu yake inatua na nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa, na hakuna anayemkataza kwa hoja ya kimo.

Karatasi, leseni na ada

Turudi kwa mzee, maana hoja yake ilikuwa pesa.

Hapa nyumbani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo, na kule Kwimba, Mwanza, kipo Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya. Hizo ni nguzo za kuanzia. Anayetaka masta yenye jina hilo hasa la nguvu na utimamu kwa kawaida hutazama nje. St Mary's ya Twickenham, London, na Edith Cowan ya Perth, Australia, zinajulikana sana kwa somo hili, na Chuo Kikuu cha Edinburgh kinalo. Vingine hufundisha kwa mtandao, ambayo ndiyo njia ya mtu mwenye familia na timu, ingawa umeme ukikatika saa nne usiku katikati ya mtihani utajua hujui.

Masta ya Uingereza huwa na krediti 180, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa kumi za kusoma, kwa hiyo ni saa 1,800. Mara nyingi theluthi moja ni tasnifu, utafiti wako mwenyewe. Ukiishia krediti 120 unapata stashahada ya uzamili, 60 cheti. Kuna wanaoanza na cheti, wakapumua, wakaendelea. Wanaotafuta mfadhili waitazame Chevening ya serikali ya Uingereza: inataka angalau saa 2,800 za kazi baada ya shahada ya kwanza, na inakutaka urudi nyumbani kwa miaka miwili ukimaliza. Kijana wetu bado hana saa hizo, na mimi nilimwambia hivyo kavukavu.

Sasa fundo linalowanasa wengi: digrii siyo leseni. Chuo kinakupa shahada. Chama cha taaluma kinakupa kibali cha taaluma, kwa mtihani wake. Cheti cha CSCS cha NSCA, kwa mfano, hukipati bila kuwa na shahada ya kwanza na mafunzo ya kumzindua mtu aliyesimama moyo, na NSCA imetangaza kwamba kuanzia 2030 masharti ya shahada yenyewe yatakazwa. Kwa upande mwingine, masta yako haikupi leseni ya CAF hata ya daraja la D. Hiyo ni njia ya makocha wa mpira na hupitia shirikisho. Nimeona mtu akiomba ukocha mkuu kwa masta ya utimamu, na mwingine akiomba ukocha wa viungo kwa leseni ya kufundishia mpira. Wote wawili walishangaa kukataliwa.

Kabla ya kulipa ada ya chuo cha nje, hasa cha mtandaoni, nenda Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, uulize kama shahada hiyo itatambuliwa hapa. Uliza chuo chenyewe: kozi ina saa ngapi za kufundisha watu kwa vitendo, na nani atanisimamia nikiwa Dar? Kozi isiyo na saa za uwanjani ni kusomea kuogelea kwenye daladala.

Ajira? Sitampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Klabu zenye uwezo wa kulipa mtaalamu wa namna hii ni chache, na mara nyingi kocha mkuu wa kigeni huja na wa kwake kwenye begi. Akifukuzwa wanaondoka wote. Niliosoma nao nchini wanakula kwa kuchanganya: akademi asubuhi, shule binafsi mchana, wateja wawili watatu Masaki jioni. AFCON ya 2027 tunaiandaa pamoja na Kenya na Uganda, na viwanja vinajengwa. Miili ya wachezaji haina mkandarasi anayetangazwa kwenye gazeti.

Jumapili iliyopita kijana alikuja kijiweni na simu na daftari. Nilikuwa nimemwonyesha ule mtindo wa matofali, akaufanya kwa winga wake, akampa wiki nane za mazoezi, akampima tena. Mara ya kwanza picha 120. Mara ya pili picha 128. Alikuwa ameshapiga hesabu: kutoka 31 hadi 35. Alimwonyesha baba yake kwanza. Mzee alivaa miwani, akatazama video mara mbili, akasema, "Hapo naona kitu."

Nikaomba simu. Video ya kwanza, winga anatua miguu imenyooka. Ya pili anatua magoti yamekunjwa, amevuta miguu juu dakika ya mwisho kama anaruka dimbwi. Nikamwonyesha kijana, hakuhitaji nimwambie kitu. Ukikunja magoti unachelewa kugusa ardhi, na simu inadhani umeruka juu zaidi.

Jumatatu alimwita winga, akamwambia atue kama alivyoruka, akarekodi mara tatu na kuchukua iliyo bora. Picha 123. Jioni alikaa kwenye benchi kando ya baba yake, akaikata ile 35 kwa kalamu, akaandika pembeni: 32.